Namna ya Kupika na Kuonja Chai ya Viungo

Mara nyingi hutokea hivi. Mgeni amefika, na mama wa nyumba ametia katika sufuria maji, maziwa, majani ya chai na tangawizi mbichi iliyopondwa, vyote kwa pamoja, akateleka juu ya moto mdogo. Baada ya muda maziwa hukatika, mabonge meupe yakaelea juu ya maji yenye rangi ya kutu, na chai yote ikamwagwa. Mchuuzi wa maziwa hulaumiwa kwamba ameuza maziwa ya jana. Pengine ni kweli, kwa kuwa maziwa yaliyoanza kuchacha hukatika upesi yakipata moto. Lakini mara nyingi mchuuzi huyo hana hatia yo yote. Mwenye kosa ni tangawizi, au kwa usahihi zaidi, ni utaratibu alioufuata mpishi.

Ndani ya tangawizi mbichi imo nguvu ya asili ambayo wataalamu huiita kimeng'enya. Nguvu hiyo huyagandisha maziwa, kama vile yanavyoganda katika tumbo la ndama anyonyaye. Huko Guangdong, kusini ya Uchina, watu huitumia kwa makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yakaganda, wakayala kwa kijiko kama chakula kitamu. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi maziwa yanapokuwa na moto wa digrii 60 hadi 70, yaani moto sana lakini hayajachemka. Sufuria iliyo juu ya moto mdogo hukaa katika hali hiyo kwa muda mrefu, na ndipo mambo yanapoharibika. Maji yanayochemka, kwa upande mwingine, huiua nguvu hiyo kabisa. Kwa hiyo tangawizi yapasa kuchemshwa peke yake ndani ya maji kwa muda wa dakika tano, na maziwa yatiwe baadaye. Mpishi anayefuata njia hiyo, naye akawa na maziwa mabichi ya siku ile, hatapoteza chai yake kwa sababu ya tangawizi.

Kabla ya kusema zaidi juu ya viungo, yafaa majani yenyewe yafahamike. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanzishwa katika miaka ya 1920. Kwa muda mrefu zao hilo lilikuwa mikononi mwa walowezi na makampuni. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika njia ya kupanda mazao ya kuuza, chai ikiwa mojawapo, na shirika la KTDA likaundwa mwaka 1964 ili kuwasaidia wakulima wadogo. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka katika mashamba yao. Karibu yote hutengenezwa kwa mashine zenye magurudumu ya meno, ambayo huyakata majani, huyapasua na kuyaviringa yawe chembe ndogo ngumu, kisha hewa huyageuza rangi kutoka kijani hadi kahawia. Chembe hizo hutoa rangi na ukali wake kwa haraka sana. Ndiyo sababu chai ya Kenya haihitaji kuchemshwa kwa robo saa, kama wengi wafanyavyo. Dakika mbili au tatu za kuchemka zatosha. Kinachopatikana baada ya hapo ni uchungu tu, nao mpishi hulazimika kuuficha kwa sukari.

Sasa viungo. Kila kimoja kina tabia yake, na anayevitia vyote kwa wakati mmoja hufanana na mpishi atiaye nyama na mboga katika chungu saa ile ile.

Mdalasini ni gome la mti, na gome halitoi harufu yake upesi. Litiwe katika maji baridi tangu mwanzo. Mnunuzi na aangalie vizuri sokoni, kwa maana huuzwa namna mbili kwa jina moja. Mdalasini wa kweli, kama ule wa Unguja na wa Ceylon ya zamani ambayo sasa ni Sri Lanka, ni mwembamba kama karatasi, umekunjwa tabaka nyingi pamoja, nao huvunjika kwa vidole. Ule mwingine ni gome nene, gumu kama ubao, lenye mkunjo mmoja tu, na ladha yake ni kali zaidi. Huo wa pili una kemikali iitwayo kumarini ambayo ikitumiwa kwa wingi kila siku yaweza kudhuru ini. Kijiti kidogo mara moja moja hakina neno, lakini anayetia mdalasini katika kila birika, asubuhi na jioni, heri atafute ule mwembamba.

Karafuu ni tumba la ua lililokaushwa kabla halijachanua, na wakazi wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa habari zake. Wa bara ambao hununua kwa mwenye duka waijaribu hivi: karafuu njema ikibonyezwa kwa ukucha hutoa mafuta, na ikitupwa katika maji huzama au husimama wima. Iliyokwisha nguvu huelea ubavu. Mbili zatosha kwa vikombe vinne. Zikizidi, mafuta yake huufanya ulimi ufe ganzi, kwa sababu ni mafuta yale yale yaliyotumiwa tangu zamani kutuliza maumivu ya jino, na mwenye ganzi ya ulimi hawezi tena kujua kama chai ni nzuri au mbaya.

Iliki ni ghali kuliko viungo karibu vyote, na hiyo ndiyo inayopotezwa zaidi. Harufu yake imo katika punje nyeusi zilizo ndani ya ganda, nayo ni nyepesi. Huruka pamoja na mvuke. Wageni wakiingia wakasema nyumba yanukia vizuri, maana yake ni kwamba iliki imekwisha kutoka sufuriani na kuingia hewani. Ipondwe wakati ule ule wa kutumiwa, itiwe mwisho, na sufuria ifunikwe. Masala ya unga yanayouzwa katika pakiti hurahisisha kazi, lakini kiungo kilichosagwa hupoteza harufu upesi kuliko kizima, na mnunuzi hana njia ya kujua unga huo umekaa rafuni kwa miezi mingapi. Kinu kidogo na mchi ni mali bora zaidi.

Mchaichai hauna gharama kwa aliye na kiwanja, maana huota kando ya nyumba penye maji kidogo. Harufu yake ni ile ile iliyo katika ganda la limau, lakini haina ukali wa limau. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mpishi: maji ya limau huyakata maziwa papo hapo, na mchaichai hauyadhuru. Anayependa limau na alitie katika chai kavu isiyo na maziwa, naye ataona rangi ya chai inapauka mara moja.

Kwa vikombe vinne, kipimo kifuatacho kitafaa watu wengi. Maji vikombe viwili na nusu yatelekwe yakiwa baridi pamoja na kijiti cha mdalasini cha nusu ya kidole. Yakianza kuchemka, itiwe tangawizi iliyopondwa, kipande cha kadiri ya pingili ya kidole gumba, ichemke dakika tano. Kisha zitiwe karafuu mbili na vijiko vitatu vidogo vya majani. Baada ya dakika mbili, yamiminwe maziwa vikombe viwili, nayo yachemke mpaka yapande. Hapo zitiwe iliki nne zilizopondwa, moto upunguzwe, kifuniko kiwekwe, na baada ya dakika mbili chai ichujwe. Sukari kila mtu ajitilie mwenyewe kikombeni. Wengi wataona kwamba mdalasini na iliki huufanya ulimi uhisi utamu, hata kijiko cha pili cha sukari kikawa hakina kazi.

Jambo moja huwashangaza watu wa Pwani wanapohamia milimani. Mombasa maji huchemka kwa moto wa digrii 100, lakini Nairobi huchemka kwa digrii 94 hivi, na Kericho chini ya hapo kidogo, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Maji hayo huchemka kwa kishindo kile kile, ila moto wake ni mdogo. Basi mdalasini na tangawizi za Kericho zahitaji dakika moja au mbili zaidi kuliko za Mombasa.

Kuonja ni kazi yenye ufundi wake. Huko Mombasa, ambako mnada wa chai uliohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969 ungali ukifanyika, wako watu ambao kazi yao ni kuonja mamia ya vikombe kwa siku. Tangu zamani waonjaji wa chai walipima majani kwa uzito wa sarafu ya Kiingereza ya peni sita, karibu gramu 2.8, wakayafunika na maji ya moto kwa dakika tano au sita. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huivuta chai kwa nguvu na kwa sauti, jambo ambalo mezani lingehesabiwa kuwa utovu wa adabu, kisha huitema. Kelele hiyo ina sababu: chai hutawanyika kinywani mwote, na harufu yake ikapanda hadi puani kwa nyuma ya koo.

Nyumbani yatosha kuandaa vikombe vinne vya chai kavu ya kipimo kimoja na muda mmoja: kimoja kitupu, kimoja chenye iliki, kimoja mdalasini, na kimoja tangawizi. Vionjwe vikiwa vuguvugu, kwa kuwa ulimi uliochomwa hauna hukumu. Kianze kile kitupu, na tangawizi iwe ya mwisho, maana ukali wake hubaki. Maji safi ya kusukutua yawe karibu. Kisha pua ibanwe kwa vidole na vionjwe tena. Iliki itatoweka kabisa, kana kwamba haikutiwa, lakini tangawizi itaendelea kuwasha. Watoto hulifurahia jaribio hili, na mpishi hujifunza kutokana nalo ni kiungo gani kinachofanya kazi puani na kipi kinachofanya kazi ulimini. Kile kikombe kitupu nacho kitasema ukweli juu ya majani yaliyonunuliwa. Yakiwa mazuri, chai yake ina rangi nyekundu angavu na ukali unaoamsha kinywa. Yakiwa mabovu au ya zamani, rangi imefifia na ladha ni kama ya karatasi iliyolowa. Viungo vyaweza kuificha kasoro hiyo, na baadhi ya wenye mikahawa walijua siri hiyo siku nyingi.

Kuna onyo moja ambalo halina budi kutajwa. Ukali wa chai hushikamana na madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, nafaka na mboga za majani, ukayazuia yasiingie mwilini, na madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Mama mwenye mimba, au mtoto mdogo, anayekula ugali na sukuma wiki akiteremshia kwa chai hupoteza sehemu kubwa ya faida ya mboga zake. Chai na inywewe saa moja hivi baada ya chakula au kabla yake. Mtoto mchanga asipewe chai kabisa, hata iwe ya maziwa mengi kiasi gani.

Mwisho, habari ya kuweka. Majani ya chai hunyonya harufu ya kila kilicho karibu. Yakiwekwa rafu moja na sabuni, vitunguu au mafuta ya taa, kikombe kitayataja hayo yote. Yakae katika mkebe mkavu wenye kifuniko cha kubana, mbali na mvuke wa jikoni. Lakini tabia hiyo hiyo yaweza kugeuzwa kuwa faida. Wachina hulaza majani ya chai usiku mmoja pamoja na maua mabichi ya asmini, asubuhi wakayaondoa maua na kuyakausha majani tena. Huko Lamu na Mombasa, ambako asmini huuzwa jioni kwa ajili ya nywele za akina mama, mtu aweza kufanya vivyo hivyo kwa konzi moja ya maua na robo ratli ya majani. Asisahau tu kuyaanika majani hayo kivulini baada ya kuyatoa maua, kwa sababu maua yana maji, na chai yenye unyevu huota ukungu ndani ya siku chache. Asiye na asmini na atumie maganda ya chungwa yaliyokaushwa mpaka yavunjike, au iliki tatu zilizopasuliwa kidogo na kufukiwa katikati ya mkebe kwa juma moja.