Pochi ya kripto na kompyuta usiyoiamini: kifaa kinalinda nini, wewe unalinda nini?

Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa kumwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Tapeli huyo hana namba yako ya siri. Anachotegemea ni kwamba ulikuwa unakaribia kumtumia mtu hela, hivyo anabadilisha mpokeaji tu. Kuna wizi wa kripto kwenye kompyuta unaofuata njia hiyohiyo, ila anayebadilisha namba ni kirusi kilichojificha ndani ya mashine.

Kuna tofauti moja kubwa. Kwenye M-Pesa au Mixx, jina la mpokeaji linatokea kabla hujakamilisha muamala, na ukikosea unapiga simu huduma kwa wateja. Kwenye bitkoini hakuna jina, na muamala ukishathibitishwa hakuna wa kuurudisha. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Maana yake kodi ipo, lakini ukiibiwa uko peke yako.

Makala hii haikushawishi kununua. Ni kwa yule ambaye tayari anazo, na amepata kile kifaa kidogo kinachofanana na flashi, yaani pochi ya kripto ya kuchomeka. Swali lake ni moja: nikikichomeka kwenye kompyuta, niko salama?

Muhuri haitoki ofisini

Mfikirie mtendaji wa kijiji. Unampelekea barua, anaisoma, anagonga muhuri, anakurudishia barua. Muhuri wenyewe unabaki kwenye droo yake.

Pochi inafanya kazi hivyohivyo. Kompyuta inaandaa muamala: kiasi gani, kwenda anwani gani. Inautuma kwenye kifaa kupitia waya wa USB. Kifaa kinakuonyesha muamala kwenye kioo chake, unabonyeza kitufe kukubali, kisha kinausaini kwa ufunguo wa siri uliomo ndani. Kinachorudi kwenye kompyuta ni sahihi tu. Na hisabati ya sahihi hizi imejengwa hivi kwamba ukiwa na sahihi huwezi kurudi nyuma ukapata ufunguo.

Kwa hiyo hata kompyuta ikiwa na virusi, ufunguo hautoki. Lakini angalia: kompyuta bado inaweza kuandika barua ya uongo. Mtendaji akigonga muhuri bila kusoma, droo yenye kufuli haimsaidii kitu.

Hilo si la kufikirika. Tarehe 21 Februari 2025, soko la kripto la Bybit lenye makao yake Dubai liliibiwa takriban dola bilioni 1.5. Wasaini wake walikuwa na vifaa hivi. Wezi waliingilia mfumo uliokuwa ukionyesha miamala kwenye kompyuta, wakubwa wakaona muamala wa kawaida, na vioo vya vifaa vyao havikuonyesha maelezo yanayosomeka. Wakakubali. Funguo hazikuibiwa kabisa. Sahihi zilikuwa halali.

Kompyuta ya nani?

Mtu wa Nyamisati au Kiongoroni asiye na kompyuta anaweza kujikuta anapanda hadi Kibiti mjini, kwenye duka la steshenari. Mashine ileile inachapa barua za maombi ya kazi, inapokea flashi za kila mtu, na programu zake hujui zimetoka wapi. Kuchomeka kifaa pale hakutatoa ufunguo wako, ila kunamrahisishia mwizi kukuwekea programu feki au kubadilisha anwani uliyonakili. Ukiweza, tumia laptopu yako au ya mtu wa karibu, na bando la simu yako.

Utaratibu ni huu:

1. Kagua kifaa kabla ya kuchomeka. Nunua kwa mtengenezaji au muuzaji anayemtambua. Kikija na maneno ya siri yameshaandikwa kwenye karatasi, usikitumie. Maneno lazima kifaa kiyatengeneze chenyewe mbele yako. Wateja wa kampuni ya Ledger waliovuja taarifa zao mwaka 2020 walianza kupokea vifaa feki kwa posta mwaka 2021, vikiwa na barua iliyojifanya imetoka kwa kampuni.

2. Programu ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji. Andika anwani ya tovuti mwenyewe. Usifuate tangazo la juu kwenye matokeo ya kutafuta, wala kiungo cha kwenye grupu la WhatsApp.

3. Tumia waya uliokuja nao. Waya nyingi za mitaani ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za kupitisha data. Watu wanadhani kifaa kimekufa, wanamwita fundi, na hapo ndipo mlango wa utapeli unafunguka.

4. Namba ya siri iweke kama kifaa kinavyoelekeza, kisha acha programu ikague kama kifaa ni halisi. Ikitaka kusasisha programu ya ndani ya kifaa, hakikisha laptopu ina chaji ya kutosha, umeme usije ukakata katikati, na maneno yako ya siri unayo mkononi.

5. Jaribu na kidogo. Weka kiasi kidogo, futa kifaa, kirudishe kwa kutumia maneno yako. Hela ikionekana tena, sasa weka kubwa.

6. Kila unapotuma, soma kioo cha kifaa. Linganisha anwani nzima na ile uliyopewa na mpokeaji. Usiishie herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, kwa sababu wezi hutengeneza anwani zinazofanana kwenye ncha. Kama kioo kinaonyesha kitu usichokielewa, kataa.

Maneno 24

Ufunguo wako wote umefichwa kwenye maneno 12 au 24, kutoka orodha ya maneno 2,048. Kila neno linabeba biti 11, hivyo maneno 24 ni biti 264: 256 za bahati nasibu na 8 za kukagua makosa. Michanganyiko inayowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Hakuna kompyuta ya kubahatisha hiyo. Ndiyo maana mwizi hahangaiki kubahatisha, anakuomba tu.

Kwa hiyo kanuni haina msamaha: maneno haya hayaandikwi kwenye kompyuta wala simu. Hayapigwi picha, hayatumwi kwa imeili. Unayaingiza kwenye kifaa chenyewe tu. Tovuti, programu au "mhudumu" yeyote anayeyataka ni mwizi.

Orodha rasmi zipo za Kiingereza, Kihispania, Kijapani na nyingine chache. Ya Kiswahili haimo. Nakili herufi kwa herufi, usiandike unavyosikia.

Halafu karatasi. Aprili 2024 mafuriko yaliingia majumbani Rufiji na Kibiti, watu wakaondoka na walichoweza kubeba. Karatasi chini ya godoro haistahimili hilo. Wengine hugonga maneno kwenye bamba la chuma, lakini kwa hewa ya chumvi ya delta, bati la kawaida litaliwa na kutu. Tumia stenlesi, na gonga mwenyewe, usimpe fundi akusomee. Kwenye orodha ya Kiingereza herufi nne za kwanza zinatosha kulitambua kila neno, kwa hiyo kazi si kubwa.

Weka nakala mbili sehemu mbili: kama moja iko delta, nyingine iwe juu, mahali maji hayafiki. Na mtu mmoja unayemwamini nyumbani ajue zilipo. Kifaa kikizama utanunua kingine. Ukiondoka wewe duniani na maneno hayajulikani yalipo, hakuna benki, mahakama wala mtengenezaji atakayewapatia wanao ile hela.