Pikapu kukosa nguvu mlimani: usikimbilie kununua tabo

PIKAPU inayoshusha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo haisumbuki sana na mzigo, kwa kuwa inateremka. Taabu huanza wakati wa kurudi, ikiwa imebeba mbolea au saruji na inaukabili mlima wenye kona zaidi ya kilometa 30. Hapo ndipo dereva hugundua kwamba gari limekosa nguvu na linatoa moshi mweusi. Fundi wa kwanza kuulizwa hutoa jibu moja: tabo imekufa.

Jibu hilo ni ghali. Tabo mpya inaweza kumeza faida ya safari nyingi za nyanya na kabichi, na hata ya mtumba si ya kuokota. Kabla ya kutoa fedha, ni vyema mwenye gari ajue kifaa hicho kinafanya nini. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi huzungusha ya kwanza, nayo ya pili husukuma hewa nyingi ndani ya injini ili dizeli iungue vizuri. Kasi yake huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia mhimili usisagike ni utando mwembamba wa oili ya injini.

Moshi mweusi, kwa hiyo, maana yake ni dizeli nyingi kuliko hewa. Mara nyingi chanzo ni cha bei ndogo: filta ya hewa iliyojaa vumbi, klipu iliyolegea, au mpira uliopasuka kati ya tabo na injini. Ufa wa mpira hauonekani kirahisi injini ikiwa imezimwa, kwani hufunguka hewa inaposukumwa. Dalili yake ni mlio wa kupuliza gari linapovuta.

Moshi wa bluu ni habari nyingine; injini inaunguza oili. Hapa tabo inaweza kuwa mbovu kweli, lakini bomba la kurudisha oili kwenye sampu likiziba, hata tabo mpya itavujisha. Fundi makini huacha injini ipoe, hufungua mpira wa hewa na kuushika mhimili kwa vidole. Ukicheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida. Ukisogea mbele na nyuma, au feni ikigusa ukuta, umekwisha.

Wenye Toyota Hilux za injini ya 1KD wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Washa za shaba chini ya nozeli zikivujisha, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu. Oili haifiki kwenye tabo, nayo inasagika. Anayebadili tabo bila kufungua sampu atanunua nyingine muda si mrefu, na akizembea, beringi za injini zitafuata.

Hatari kubwa zaidi ni injini kupandisha mwendo yenyewe huku ikifuka moshi mzito. Inakula oili yake, na ufunguo hauizimi. Kwa gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu, aingize gia ya juu kabisa, kisha aachie klachi hadi injini izimike. Asifungue boneti.

Baada ya kupanda mlima, injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iipoze tabo. Madereva wengi huzima papo hapo kwa kubana dizeli.