Mbwa wa Itaka na Amani ya Pemba

Katika kata ya Itaka, wilayani Mbozi, mkulima huamka kabla ya mapambazuko. Huchukua jembe lake, au debe la kuvunia kahawa ikiwa ni msimu wake, na kabla hajavuka kizingiti mbwa wake amekwisha kutangulia njiani. Lakini iko siku moja katika mwaka ambayo mambo hugeuka. Siku hiyo jembe hubaki nyuma ya mlango. Mkulima hutafuta kipande cha kamba na kumfunga mbwa shingoni, naye mbwa, ambaye hajapata kufungwa tangu azaliwe, huruka, hulia na kujitupa chini. Njia nzima watoto hucheka. Na mwisho wa safari hiyo hapana soko wala harusi. Yupo Bwana Mifugo, meza moja, kasha la barafu na sindano.

Makala haya ni juu ya safari hiyo. Tumeyaandika tukiwakusudia wasomaji walio mbali sana na Itaka: ndugu zetu wa visiwani, na maofisa wa serikali ambao kalamu zao huamua fedha ziende wapi. Huenda wakauliza, mbwa wa mkulima wa nyanda za juu, karibu na mpaka wa Zambia, anatuhusu nini sisi? Tunawaomba wavumilie kidogo. Jibu lipo, na limepatikana Pemba.

Kwanza tuseme haki ya mbwa. Mbwa wa shamba hulala nje wakati wa baridi ya Mbozi ili mwenyewe alale ndani. Huwafukuza ngedere na nyani katika mahindi. Husindikiza ng'ombe malishoni na watoto wanapokwenda kuchota maji. Mshahara wake ni ukoko wa ugali na mifupa ambayo binadamu amekwisha kuimaliza. Hana likizo wala kiinua mgongo. Akizeeka hufa kimya nyuma ya ghala, na mwenye nyumba huleta mtoto wa mbwa mwingine akampa jina lile lile.

Watu wengi hudhani kwamba kujinyima kwa ajili ya mbwa ni mambo ya nchi za matajiri, ambako mbwa hununuliwa chakula cha makopo na kutandikiwa godoro. Sivyo. Mtu mwenye fedha nyingi akitumia kidogo kwa mbwa wake hakujinyima kitu. Lakini mkulima anayeacha kazi ya siku nzima wakati wa palizi, akatembea mwendo mrefu akimburuta mnyama asiyetaka kwenda, kisha akasimama katika msururu juani, huyo amelipa. Na anayejenga kibanda cha miti ili mbwa afungiwe mchana na kufunguliwa usiku amebadili desturi aliyoirithi kwa babu yake, kwa maana mbwa wa zamani alikuwa huru kwenda apendako. Huko ndiko kujinyima tunakokusudia. Hakuna anayekupigia picha, wala hakuna anayekushukuru.

Sababu ya yote haya ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na huingia mwilini mwa mtu kwa jeraha. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo, na kifo chenyewe ni cha mateso makubwa: mgonjwa huona kiu, lakini akiletewa maji koo humkaba. Duniani kote wataalamu hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Bara la Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Takriban watu 4 katika kila 10 wanaokufa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Ndiye mtoto anayecheza na mbwa, ndiye anayetumwa dukani jioni, na ndiye anayeumwa usoni na kichwani kwa kuwa ni mfupi.

Ni kweli kwamba aliyeumwa anaweza kuokolewa. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa akimbizwe kituo cha afya apate chanjo, na arudi kwa kila dozi aliyopangiwa mpaka zitimie. Tiba hii ilianza zamani. Mwezi Julai mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja kijana Joseph Meister huko Paris, naye akapona. Lakini kwa mkulima wa kijijini tiba hii ina nauli, ina siku za kazi zinazopotea, na mara nyingi ina bei. Mzazi huuza mbuzi, huuza gunia la mahindi ambalo lilikuwa chakula cha miezi ijayo, au hukopa. Na chanjo aliyopewa mtoto humwokoa mtoto huyo peke yake. Haimzuii mbwa mgonjwa kumwuma mbwa mwenziwe, wala yule wa pili kumwuma jirani. Mnyororo hukatika kwa mbwa wenyewe kuchanjwa.

Hapa ndipo tunapofika Pemba. Kwa muda wa miaka kumi, kuanzia 2010 mpaka 2020, watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa katika kisiwa hicho mnyama kwa mnyama na mtu kwa mtu, wakachunguza na nasaba ya virusi ili wajue nani alimwambukiza nani. Waligundua kwamba katika mwaka 2010 ilikuwapo minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikienda sambamba kisiwani. Chanjo ya mbwa ikaanza kutolewa kisiwa kizima kila mwaka, na kadiri ilivyotolewa kwa ukamilifu zaidi, ndivyo mbwa wagonjwa, watu walioumwa na vifo vilivyopungua. Ilipofika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Pemba ilikuwa salama.

Lakini binadamu tuna ugonjwa wetu mwingine, nao ni kusahau. Adui alipotoweka, chanjo ikalegea. Watoto wa mbwa walizaliwa wasichanjwe, na waliochanjwa zamani wakafa kwa uzee. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingizwa tena Pemba, si mara moja bali mara mbili, ukaikuta nyumba haina mlango. Watu waliumwa upya. Ikabidi chanjo ya kisiwa kizima irudishwe, na mlipuko huo ukazimwa Oktoba 2018. Watafiti hao walikadiria kwamba Pemba ikiendelea kuchanja mbwa kila mwaka na kutoa chanjo bure kwa walioumwa, zaidi ya familia 30 kila mwaka zitaepushwa na msiba wa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pemba imekwisha kuujenga ukuta mara mbili.

Somo la kwanza, basi, ni kwamba bahari si ngome. Virusi havisafiri peke yake. Husafiri ndani ya mbwa, na mbwa husafiri na watu: katika jahazi, katika lori, au kwa miguu yake. Tunduma ni njia panda ya nchi mbili, na malori hupita hapo usiku na mchana. Mbwa haombi pasi wala hapigiwi muhuri. Hatusemi kwamba mbwa wa Itaka ndiye aliyeuingiza ugonjwa Pemba. Tunachosema ni kwamba maadamu ugonjwa upo katika kijiji chochote cha bara, kisiwa kilichojisafisha hakina budi kukesha. Usalama wa mtoto wa Micheweni umefungwa, pamoja na mambo mengine, kwa kile kipande cha kamba cha mkulima wa Mbozi.

Somo la pili linawahusu wenyewe wa visiwani. Wengi wao ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, na katika mafundisho hayo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa Pemba hukaa shambani na kwa wawindaji, na watu wengi hawapendi hata kumgusa. Msimamo huu tunauheshimu, na wala haupingani na chanjo. Dini hiyo hiyo inasimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Na vijana wa pangoni wametajwa katika Kurani pamoja na mbwa wao. Tukitafakari sawasawa, mtu wa Pemba anayemkamata mbwa kwa mkono wake na kumpeleka kwenye sindano, kisha akarudi nyumbani kujitwaharisha, amejinyima kuliko yule anayempenda mbwa. Mwenye mapenzi hutumwa na mapenzi yake. Huyu ametumwa na hali ya jirani yake.

Ziko sauti zinazosema kwamba njia fupi ni kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa wote wanaozurura. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na haikumaliza ugonjwa. Mbwa wakiuawa, nafasi yao huchukuliwa na wengine kwa muda mfupi. Waliokwisha kuchanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na fedha ya chanjo ikapotea. Zaidi ya hayo, wenye mbwa huwaficha, au huwahamishia kijiji cha pili, na pengine wakauhamisha na ugonjwa wenyewe. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Lazima iwe kila mwaka, kwa sababu maisha ya mbwa wa kijijini ni mafupi na vizazi vyake hubadilika upesi.

Sasa tunawageukia maofisa wa serikali, bara na visiwani. Mwananchi akiwa tayari kuacha jembe lake kwa siku moja, serikali nayo haina budi kumlaki njiani. Jambo la kwanza ni bei. Katika mji wa N'Djamena nchini Chad, chanjo ya mbwa ilipotozwa ada mwaka 2006, waliochanjwa hawakufika hata theluthi moja ya mbwa wa mji. Ilipotolewa bure mwaka 2012 na 2013, kiwango kilifika asilimia 70. Kwa mwenye mshahara ada hiyo ni ndogo, lakini kwa mwenye mbwa watatu ambaye kahawa yake haijauzwa, inatosha kumfanya abaki nyumbani.

Jambo la pili ni mahali na wakati. Kituo cha chanjo kikiwekwa makao makuu ya kata peke yake, vitongoji vya mbali havitafika. Siku ikichaguliwa katikati ya mavuno, watakuja wachache. Watendaji wa vijiji na masheha waulizwe kwanza, na tangazo litoke mapema, shuleni na katika nyumba za ibada, kwa kuwa mara nyingi ni watoto wanaowaleta mbwa. Jambo la tatu ni chanjo ya binadamu. Mtu aliyeumwa leo asiambiwe aende mji wa pili kesho, na wa tatu keshokutwa. Jambo la nne ni bandari na mipaka: mbwa anayevuka maji kwenda kisiwani asivuke bila hati ya chanjo, awe wa tajiri au wa baharia.

Tunajua fedha za serikali zina wenyewe wengi. Pana barabara, pana madawati, pana visima. Lakini ofisa anayefuta fungu la chanjo ya mbwa kwa kuwa mwaka huu hakuna aliyekufa, na akumbuke Pemba kati ya 2014 na 2016. Ukimya aliousikia ulikuwa ni kazi ya chanjo yenyewe. Mataifa yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa cha mbwa. Lengo hilo haliwezi kutimizwa katika kumbi za mikutano. Litatimizwa penye meza ya Bwana Mifugo.

Turudi Itaka. Jioni ya siku ile mkulima hurejea nyumbani. Shamba lake halikulimwa, mikono imechubuka kwa kamba, na mbwa amemnunia. Hakuleta kitu nyumbani ila kipande cha karatasi chenye tarehe, ambacho atakichomeka chini ya paa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku iliyopotea haitarudi. Lakini usiku mbwa atafunguliwa na atazunguka boma kama kawaida, na mwenye nyumba atalala bila kumwogopa mlinzi wake mwenyewe.

Wazee wa pwani walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Katika jambo hili ufuko umekwisha kuonekana, na aliyetuonyesha ni Pemba. Kilichobaki ni kuendelea kupiga mbizi, mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata.