Shaba: Neno Moja, Maana Nyingi

Mwanafunzi asomaye habari za nyoka wa shaba wa Musa, kisha akasikia juu ya nishani ya shaba na waya wa shaba, huenda akadhani vyote ni madini yale yale. Sivyo. Neno hili hubeba ndugu watatu.

Wa kwanza ni shaba tupu: nyekundu, laini, ipitishayo umeme kuliko madini yote ila fedha. Ikichanganywa na bati hupata ugumu, ikafaa kwa kengele na sanamu. Ikichanganywa na zinki huwa ya manjano, ikafaa kwa tarumbeta na vinara. Waebrania wa kale nao walitaja shaba tupu na ile ya kuchanganywa kwa neno moja.

Huku Kongo neno hili lilipata kuwa jina la nchi: jimbo la Katanga liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hata 1997. Lakini wazee wa huko wana neno lao, mukuba, nalo lina historia ndefu.

Wako wasemao kwamba kazi ya shaba ilianza Lubumbashi mwaka 1911, tanuru la kampuni ya Union Minière lilipowashwa. Hao huwanyima wazee heshima yao. Zamani, wakati wa kiangazi, wahunzi walichimba mawe ya kijani, wakayatia tanurini pamoja na makaa, wakavukuta mpaka shaba ikayeyuka. Nayo haiyeyuki kabla ya moto kupita digrii 1,080. Padre Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye, aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba. Msomaji asishangae: kwetu mtu hula mali pia, si ugali tu.

Shaba hiyo waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba ya namna hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale. Haikuwa alama ya dini yetu, kwa maana ilikuwako kabla mmisionari yeyote hajafika. Ilikuwa mali, nayo midogo ilitumika kama fedha.

Basi, wazazi, mtoto akiuliza shaba ni nini, msimwonyeshe waya peke yake. Mwambieni pia ni nani waliotangulia kuiyeyusha.