Tone Jekundu Chini ya Probox

Asubuhi sokoni Siongiroi, Toyota Probox hupanga foleni. Moja inashusha mitungi ya maziwa, nyingine inangoja abiria wa Bomet mjini. Huku ni Chepalungu, ambako ng'ombe na mahindi vina nafasi kubwa kuliko majani chai ya kule Kericho, na barabara nyingi ni za murram. Gari likiondoka, tazama lilipokuwa limeegeshwa. Utakuta doa jeusi la oili ya injini, au majimaji ya AC ambayo hayana neno. Mara nyingine utakuta tone jekundu, jepesi, linaloteleza ukilisugua kati ya vidole. Dereva wa gari hilo anafaa kuitwa arudi.

Wekundu huo hutiwa kiwandani kwa makusudi, ili oili ya gia za otomatiki, ambayo mafundi huiita ATF, isichanganywe na oili ya injini. Ikichakaa hugeuka kahawia, na ikiungua hunuka vibaya hata mtu asiye fundi akatambua. Lakini rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Magari mengi ya zamani hutumia oili iyo hiyo kwenye usukani, kwa hiyo chungulia kwanza kikopo cha usukani kama kimepungua. Na Probox zilizotengenezwa kuanzia 2014 nyingi zina gia za CVT, ambazo oili yake ni ya aina nyingine na huenda isiwe nyekundu.

Tone hilo lina uzito kwa sababu ndani ya gia ya otomatiki oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Ndiyo inayobeba nguvu ya injini kupitia konvata iliyo kati ya injini na giaboksi, ndiyo inayokandamiza sahani za klachi zishikane, na ndiyo inayoondoa joto. Kiwango kikishuka, pampu hufyonza hewa pamoja na oili na povu hufanyika. Oili haibanwi ikapungua, ila hewa hubanwa, kwa hiyo presha huanguka na klachi huanza kuteleza. Hapo dereva anayepanda mlima na mzigo husikia injini ikinguruma ilhali gari haliongezi mwendo. Kuteleza huzaa joto, na wanakemia wana kanuni ya jumla kwamba joto likipanda nyuzi 10 hivi, kasi ya oili kuharibika huongezeka karibu maradufu. Uvujaji ambao ungezibwa kwa pete ndogo ya mpira huishia kwenye kununua giaboksi nzima.

Pete hiyo, sili, inastahili kutazamwa kwa karibu. Ina mdomo mwembamba wa mpira unaokumbatia shafti, na nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya mviringo inayoubana. Shafti ikizunguka, mdomo haugusi chuma moja kwa moja. Kati yao kuna utando wa oili mwembamba mno, usioonekana kwa macho. Pembe za mdomo huo hazilingani: upande wa oili ni mkali, upande wa hewa umelala. Shafti inapozunguka, tofauti hiyo hurudisha oili ndani. Sili nzima basi ni pampu isiyo na mota. Ukiifunga kinyume, itasukuma oili nje kwa bidii ile ile.

Joto la miaka huukausha mpira ukawa mgumu, mdomo ukakosa kufuata mtikisiko wa shafti. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, kwa kiwango cha KS 1515, na mengi hufika Mombasa umri huo ukikaribia kutimia. Mnunuzi wa Siongiroi huanza safari na sili zilizokwisha kuzeeka Japani.

Kosa kubwa katika ukarabati ni kubadilisha kitu pale tone linapoangukia. Oili hutambaa. Upepo wa mwendo huisukuma nyuma, nayo hufuata ukingo wa sampu, bati la chini la giaboksi linaloshika oili, hadi boliti ya chini kabisa, ikaning'inia hapo. Gasketi ya sampu hulaumiwa, kumbe paipu ya kupozea oili inayokwenda kwenye rejeta imelegea juu, au sili ya shafti ya gurudumu imechoka. Njia ya kupata ukweli ni rahisi. Osha giaboksi yote kwa kiondoa grisi, likaushe kabisa, upulizie poda ya watoto sehemu zote unazoshuku. Endesha mpaka gari lipate moto, kisha uliinue na kulikalisha juu ya stendi, kamwe si jeki pekee. Mstari wa unyevu kwenye poda utakuonyesha njia. Ufuate kwenda juu mpaka uishe. Oili ikitokea kwenye kiungo cha injini na giaboksi, itazame vizuri. Ikiwa nyekundu, sili ya pampu ndiyo inayoshukiwa na giaboksi itabidi lishushwe. Ikiwa nyeusi, tatizo ni la injini.

Kuna kitu kimoja ambacho kwenye barabara za matope ningekitazama kabla ya kununua spea yoyote. Juu ya giaboksi kuna kitundu cha kupumulia. Oili ikipata moto, hewa iliyo ndani hutanuka na kutokea hapo. Msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, matope yakikiziba, hewa hutafuta njia nyingine na kuisukuma oili ipite kwenye sili dhaifu kuliko zote. Fundi hubadilisha sili, baada ya muda inavuja tena, mwenye gari anaamini ameuziwa spea feki. Kukisafisha kitundu hakugharimu chochote.

Ikithibitika ni sili ya shafti, oili humwagwa kwenye beseni safi ili ipimwe na kukaguliwa, shafti hutolewa, sili ya zamani hubanduliwa bila kukwaruza kiti chake. Pitisha ukucha kwenye shafti, mahali mdomo ulipokuwa umekaa. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya pekee haitadumu. Paka mdomo mpya ATF, uigonge sili kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake ili iingie sawasawa. Kwa gasketi ya sampu, nyundo na nguvu havisaidii: boliti zake zikikazwa kupita kiasi, ukingo wa bati hupinda na uvujaji huzidi. Silikoni iliyopakwa kwa wingi huchanika vipande vidogo vinavyoweza kuziba filta. Dawa za chupa za kuzuia uvujaji hufanya kazi kwa kuulainisha na kuuvimbisha mpira. Zinaweza kukufikisha nyumbani, basi.

Oili ya kujaza ni ile iliyotajwa na mtengenezaji. Oili za Toyota za T-IV na WS hazibadilishani, kwa sababu viambato vinavyoamua jinsi klachi zinavyoshikana vinatofautiana. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani kazi hiyo ilifanywa na mafuta ya nyangumi, mpaka sheria ya kulinda wanyama hao ilipowalazimu wanakemia kutafuta mbadala wake. Kama gari lina kijiti cha kupimia, pima likiwa mahali tambarare, oili ikiwa moto na injini ikiwa imewashwa, baada ya kupitisha gia nafasi zote na kurudi P. Usizidishe, oili iliyopita kipimo nayo hutoa povu.

Na gari likikwama njiani kwa kukosa oili, usikubali trekta ilivute kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, gia huzunguka bila kulainishwa, na kilomita chache zinatosha kuua kilichobaki. Omba gari la kubeba, au magurudumu yanayovuta yainuliwe yasiguse ardhi.