Kadi za Sikukuu Zidariziwazo Nyumbani: Mkono Uliozoea Shanga Wakutana na Karatasi

Mwezi wa Desemba ukaribiapo, kadi za Krismasi huonekana katika maduka ya Nairobi, nazo nyingi zina picha za theluji, za misonobari, na za ndege wadogo wenye vifua vyekundu. Ni picha nzuri. Lakini mtoto aliyezaliwa Ewuaso Kedong, katika Bonde la Ufa, magharibi ya vilima vya Ngong, hajapata kuona theluji nje ya picha. Kwao Desemba ni mwezi wa mvua za vuli na nyasi changa, kama mvua zimekubali kunyesha. Akitaka kumpelekea salamu ndugu yake aliye mbali, kadi ya dukani haimwambii ndugu huyo neno lo lote juu ya nyumbani.

Na huku nyumbani ufundi upo. Wanawake wa Kimaasai ni wajuzi wa sindano tangu zamani. Kabla ya nyuzi za nailoni kufika, shanga zilishonwa juu ya ngozi kwa kano za wanyama, baada ya ngozi kutobolewa kwa msharasi. Shanga za kioo zenyewe zilitoka Ulaya, hasa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Katika karne ya 19 zilipandishwa kutoka pwani na misafara ya biashara, pamoja na nyaya na nguo, na bonde hili la Kedong lilikuwa mojawapo ya njia za misafara hiyo. Mgeni auonaye mkufu bapa wa mviringo shingoni mwa mama wa Kimaasai asidhani kwamba ni kazi ya jana. Wala asidhani kwamba haibadiliki: kila rika la vijana huja na mitindo yake, na rangi iliyopendwa na kina mama huweza kuachwa na binti zao.

Lililo jipya ni kuuchukua ufundi huo na kuutia katika karatasi. Kwa nini mtu ajisumbue? Jibu ni la mfuko. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika Kenya, Somalia na Ethiopia, na katika Kajiado watu wengi waliwatazama ng'ombe wao wakianguka mmoja baada ya mwingine. Katika miaka kama hiyo sindano haifi kiu. Kadi haiwezi kurudisha ng'ombe, na yeyote amwambiaye mama wa Ewuaso hivyo anamdanganya. Lakini yaweza kununua unga, au daftari za watoto, katika mwezi ambao hakuna maziwa ya kuuza.

KADI ZILIANZAJE

Desturi ya kupelekeana kadi za Krismasi si ya kale sana. Mwaka 1843, katika mji wa London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kuandika wakati wa sikukuu, akaona hataweza kuzimaliza. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, ikapigwa chapa, na zilizobaki zikauzwa kwa shilingi moja kila kadi. Bei hiyo haikuwa ndogo kwa mtu wa kawaida wa siku zile.

Kadi zilizodariziwa zilipata sifa kubwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914 mpaka 1918. Wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji walidarizi maua, bendera na maneno ya salamu juu ya utepe mrefu wa hariri nyembamba, mchoro mmoja ukirudiwa mara nyingi. Kisha utepe ulikatwa vipande, na kila kipande kikabandikwa katika kadi yenye dirisha. Askari walizinunua na kuwapelekea mama zao na wake zao. Wengi wa wanawake hao walifanya kazi hiyo nyumbani mwao, wakati vita vilipokuwa vimewaharibia njia nyingine za kupata fedha. Jambo hilo mama wa Kajiado atalifahamu bila kuelezwa mara mbili.

Katika Kenya nako kudarizi si kazi ya kigeni. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, kushona, kufuma na kudarizi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyofundishwa katika vilabu vyake, na nyumba nyingi hata leo zina vitambaa vya viti na vya meza vilivyopambwa maua kwa mkono.

KARATASI HAISAMEHI

Tatizo la kwanza humkuta hata fundi hodari. Nguo ikichomwa sindano mahali pasipofaa, uzi huchomolewa na nyuzi za nguo hujirudia zenyewe. Ngozi nayo huvumilia. Karatasi haivumilii. Tundu likishatobolewa litaonekana mpaka mwisho wa kadi, na matundu mawili yakikaribiana mno hukutana na kuwa mpasuko. Mafundi wa kofia za vito wa Lamu hutoboa kitambaa vitundu vidogo sana na kuzungushia kila kimoja uzi, na uzi huo ndio unaokitia nguvu. Ufundi huo ukijaribiwa juu ya karatasi, uzi huohuo huwa msumeno.

Kwa hiyo mchoro wa karatasi hutaka matundu machache na nyuzi ndefu. Bibi mmoja wa Uingereza, Mary Everest Boole, aliyeishi mwaka 1832 mpaka 1916, alitumia njia hiyo kuwafundisha watoto hesabu za maumbo: watoto walishona mistari iliyonyoka juu ya kadi, na mistari hiyo ikipishana, jicho likaona duara ambayo hakuna mtu aliyeichora. Ajabu ni kwamba umbo hilo hufanana sana na mkufu bapa wa Kimaasai. Mama wa Ewuaso halazimiki kuiga ndege wa Ulaya. Mchoro ufaao karatasi kuliko yote anao shingoni.

Vifaa si vingi. Karatasi ngumu ya gramu 250 kwa mita ya mraba, ya ukubwa wa A4, hukatwa katikati ikatoa kadi mbili. Kila kipande kikikunjwa hupata upana wa milimita 105 na urefu wa milimita 148, nacho huingia katika bahasha ya kawaida ya C6. Hutakiwa pia uzi wa pamba wa kudarizi, sindano mbili, moja ya kutobolea na moja nyembamba ya kushonea, gundi, penseli, na mkasi mkali.

Duara ya upana wa sentimita 8 huchorwa kwanza juu ya karatasi ya daftari kwa kuzungusha penseli kwenye kifuniko cha mkebe. Juu yake hutiwa alama 12 kama za uso wa saa, kisha alama moja katikati ya kila mbili, zikawa 24, kila moja karibu sentimita 1 kutoka kwa jirani yake. Kielelezo hicho huwekwa juu ya kadi, na kadi huwekwa juu ya kitu laini. Kipande cha champali kuukuu chafaa sana. Raba ya akala haifai, kwa kuwa hukataa ncha ya sindano. Matundu yote 24 hutobolewa kabla uzi haujaguswa, sindano ikiwa imesimama wima. Ikilala, tundu huwa refu, na duara huonekana kama yai.

Uzi haufungwi fundo, maana fundo huvimba na kuonekana upande wa pili. Ncha yake hubandikwa nyuma kwa kipande kidogo cha karatasi na gundi. Uzi hutokea tundu la 1 na kuingia la 9. Nyuma ya kadi huenda la 10, hutokea hapo na kuingia la 2. Nyuma tena huenda la 3, hutokea na kuingia la 11. Kisha 12 na 4, na vivyo hivyo hata mistari 24 itimie. Anayefuata vizuri ataona duara tupu imebaki katikati, upana wake nusu ya ile ya nje. Kila tundu limepitwa na uzi mara mbili tu, na hiyo ndiyo sababu karatasi haikuchoka. Mwenye mkono mwepesi aweza kuongeza rangi ya pili juu ya matundu hayohayo kwa kutoka la 1 hadi la 6 badala ya la 9, na hapo utepe mwembamba hutokea ukingoni. Mara ya kwanza afanye hivyo juu ya karatasi iliyokwisha haribika.

Duara moja hula uzi wa karibu mita 2. Kitita cha mita 8 huwa na nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja. Zikitenganishwa mbilimbili, kitita kimoja chatosha kadi 12 za rangi moja.

Kuhusu rangi, mama hahitaji mwalimu. Nyekundu huelezwa kuwa ni damu, kijani ni nyasi, buluu ni mbingu iletayo mvua, nyeupe ni maziwa. Nyekundu na kijani ndizo rangi zilezile ambazo Wazungu huziita za Krismasi, kwa sababu zao wenyewe.

Kazi ikiisha, upande wa ndani, ambako nyuzi zimevukana ovyo, hufunikwa kwa karatasi nyembamba yenye ukubwa uleule. Gundi hupakwa pembezoni tu. Ikipakwa kote, nyuzi hulowana na rangi huweza kutoka.

SHANGA NA POSTA

Hapana shaka wengi watataka kutia shanga, na wanunuzi pia huzipenda. Lakini kadi ni kitu cha kusafiri. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, barua ndogo isizidi unene wa milimita 5, na kitu kigumu ndani ya bahasha huweza kupasuliwa na mtambo au na muhuri. Shanga ndogo za milimita 2, zikiwa mstari mmoja tu, hupita; zikipandana hazipiti. Afadhali zitiwe tano au saba katikati ya ile duara tupu, upande wa chini wa kadi, mbali na pembe ya kulia ya juu ambako stempu hubandikwa na muhuri hugongwa. Uzito nao utazamwe. Kadi yenyewe ni karibu gramu 8, na shanga mia moja ndogo hukaribia gramu 1, basi bila kuzidisha mapambo barua nzima hubaki chini ya gramu 20.

Atakaye shanga nyingi aache kutoboa karatasi, afanye kama wale wanawake wa Ufaransa: adarizi juu ya kitambaa, kisha akibandike nyuma ya dirisha lililokatwa katika kadi. Kipande cha shuka nyekundu chapendeza kuliko hariri.

Adui mwingine ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la bonde hilo ni jepesi kama unga, na nyumba yenye moto wa kuni hutia karatasi nyeupe rangi ya chai kwa juma moja. Kazi na ifanywe nje, chini ya mgunga, asubuhi kabla ya upepo, juu ya kitambaa safi, mikono isiwe na mafuta. Usiku kwa taa ya koroboi isifanywe kabisa. Macho hayauzwi dukani.

BEI

Hapa ndipo wengi hupotea. Mama huhesabu karatasi na uzi, akaona gharama ni ndogo, akamwuzia mchuuzi kadi zote kwa bei ya karatasi na uzi na kitu kidogo juu yake. Siku zake hazimo katika hesabu hiyo. Mchuuzi azihesabu zake, na nauli yake, na chakula chake cha mchana.

Hesabu ya haki huanza na siku. Ikiwa mama amaliza kadi 3 kwa siku, pamoja na kuteka maji na kupika, basi achukue ujira ambao angelipwa kwa kibarua cha siku moja mahali pale pale, augawe kwa 3. Hiyo ni sehemu ya kwanza ya bei. Juu yake huongezwa karatasi, uzi, bahasha, na fungu la kadi zilizoharibika, maana katika kila kumi moja au mbili huharibika hata kwa fundi. Mwisho huongezwa nauli ya kupeleka mzigo Ngong au Nairobi, ikigawanywa kwa idadi ya kadi. Mtu mmoja akibeba kadi 10, nauli humeza faida yote. Kina mama sita wakikusanya kadi 200 na kumtuma mmoja wao, nauli karibu haionekani. Jumla ikiwa kubwa kuliko bei ambayo mnunuzi yu tayari kulipa, dawa ni mchoro mwepesi zaidi. Mchoro wa matundu 12 humalizika upesi, nao si mbaya.

Mnunuzi atakayepeleka kadi ng'ambo huzitaka mwezi wa Novemba, si Desemba. Kwa hiyo nyuzi hununuliwa Julai, matundu hutobolewa Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi, na kazi huisha kabla ya mvua za vuli kuleta unyevu na shughuli nyingine. Kadi zilizokwisha huwekwa katika mkebe wa bati wenye kifuniko, mbali na moshi na mbali na mbuzi, ambao hula karatasi iliyodariziwa kwa furaha ileile walayo isiyodariziwa.