"Kutia Mafuta" Katika Maelezo ya Bunduki ya Upepo

Mfasiri mmoja wa Mtwara alituletea maelezo ya kutunza bunduki ya upepo itumiayo kamani, akituomba tuyapitie. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kitenzi kimoja kilitutia wasiwasi. Mtutu, bawaba, kamani, silinda: vyote aliagiza "vitiwe mafuta".

Yafaa kwanza tueleze jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi. Kinapokokiwa, kamani hubanwa nyuma ya pistoni. Kifyatuo kikivutwa, kamani hujikunjua na kuisukuma pistoni mbele, na hewa iliyomo katika silinda hugandamizwa kwa ghafula ikakirusha kidonge cha risasi. Hewa iliyogandamizwa hivyo hupata joto kali. Ikikuta humo mafuta ya mashine, huweza kuyawasha, kama ilivyo katika injini ya dizeli, ambayo nayo haihitaji plagi. Hapo kamani na wosha ya pistoni huharibika, na kidonge huenda kwa kasi isiyotarajiwa.

Kwa hiyo neno moja halitoshi. Juu ya chuma tuseme "kupaka", yaani utando mwembamba wa kuzuia kutu. Na hapa msomaji wa Mtwara hahitaji kuelezwa mengi, kwani upepo wa chumvi uvumao kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma hausamehe hata panga lililofutwa jana. Penye bawaba tuseme "kudondosha", tena tone moja. Kamani hupakwa grisi kidogo, na kazi hiyo ni ya fundi, maana kamani iliyobanwa yaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu. Silinda iandikiwe katazo bayana: "Usitie mafuta ya mashine ndani." Penye wosha ya ngozi, ambayo hukauka, mtengenezaji huweza kuagiza matone ya mafuta maalumu, basi mfasiri ataje aina yake. Akiandika "mafuta" tu, mtu wa pwani atachukua yaliyo karibu, nayo ni ya nazi, ambayo huanza kuganda joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Asubuhi za Julai hata Mtwara hufika huko.

Mfasiri huyo aliandika pia "hewa iliyoshindiliwa". Neno si baya, lakini bunduki ya kushindilia ni gobore, lijazwalo baruti kwa mdomo wa mtutu. Karani anayeandikisha silaha akizichanganya hizi mbili, mwenye bunduki atapata taabu isiyo yake. Tumependelea "kugandamizwa", ambalo walimu wa fizikia wamekwisha kulizoea.

Kuhusu "kamani", twajua kwamba gereji husema "springi", wala hatuna ugomvi nao. Hata hivyo kamani ni neno la siku nyingi katika saa na kufuli, na asili yake ya Kiajemi ni upinde, jambo linalolingana na kazi yake. "Kifyatuo" bado hakijaturidhisha. Wasomaji wenye neno bora watuandikie.